Ufunguo wa Kiunoni

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake ni kwamba anayekudhuru mara nyingi hatoki mbali. Yuko karibu nawe, kama chawa aliyejificha kwenye mshono wa shati. Methali hii watu huipenda sana, na wakiitamka huwa tayari wamemtolea mtu macho: shemeji, mpangaji mwenzao, mke. Ni wachache mno wanaoanza kwa kukung'uta shati lao wenyewe.

Fundi mmoja wa kufuli hakuwa miongoni mwa hao wachache. Alikuwa na meza yake karibu na lango la soko, yenye jiliwa la kubania vyuma, tupa za kila namna na mashine ya kuchonga funguo. Kazi aliijua barabara. Aliyefungiwa nje ya nyumba yake alimkimbilia Fundi, na mlango ukafunguka kabla mwenyewe hajamaliza kusimulia masaibu yake. Pia alikuwa mcheshi na mkono wazi. Aliyepita mezani kwake hakuondoka bila kikombe cha chai. Jina lake halisi lilikuwa limeshasahaulika. Hata mkewe alimwita Fundi.

Nyumbani waliishi watatu: Fundi, mkewe aliyeshona sare za shule kwa cherehani ya miguu, na mama mzazi wa Fundi. Mama alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limekwisha kuzima, na la pili lilikuwa linafifia polepole kutoka pembeni.

"Anachokiona leo tunaweza kukilinda kwa upasuaji," daktari aliwaambia. "Kikishapotea, hakirudi. Msikae sana."

Gharama haikuwa ndogo, lakini pia haikuwa mlima usiopandika. Mume na mke walikubaliana kwamba kila jioni kila mmoja atatia chochote alichojaliwa kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati. Mama alisikia sarafu zikianguka ndani, akawaombea dua.

Baada ya miezi kadhaa Fundi alimimina kopo kitandani, akahesabu. Alihesabu tena. Hazikufika hata robo ya zilizotakiwa.

"Hela zinakwenda wapi?" alimuuliza mkewe.

"Hata mimi nakuuliza wewe, Fundi."

"Mimi? Mimi nashinda sokoni. Jikoni yuko nani?"

Kuanzia siku hiyo likaingia daftari. Mke aliamriwa kuandika kila alichonunua, kuanzia mkaa na unga mpaka kiberiti. Jioni Fundi alilikagua akiwa na kalamu nyekundu sikioni, kama mwalimu mkuu.

"Vitunguu vitatu? Kwani tuna harusi?"

"Kimoja kilikuwa kimeoza ndani."

"Andika basi, 'kimoja kimeoza'. Tujue hasara inatokea wapi."

Mke aliandika. Alipunguza mafuta, akapunguza sabuni, na sukari ikaondolewa kabisa kwenye chai na kwenye uji wa mama. Mama aliukunja uso kila asubuhi lakini aliunywa. Matumizi ya jikoni yalikonda kama mgonjwa, na kopo nalo halikunenepa.

Sasa lazima tuseme lile ambalo daftari halikulisema. Fundi naye alikuwa akichukua. Asubuhi akiwa anavaa viatu, mkono ulipanda juu ya kabati: leo hela ya vocha, kesho chai ya wenzake pale mezani, keshokutwa mchango wa sherehe ya jirani asije akaonekana mbahili, siku nyingine pikipiki ya kumrudisha nyumbani kwa sababu miguu imechoka. Hakuona kuwa anatumia. Alisema anaazima. Jioni nitarudisha, alijiambia, na pengine jioni moja moja alirudisha kidogo. Zilizobaki alizisahau kwa moyo mweupe kabisa, kwani deni la mtu kwa nafsi yake halina mdai. Na daftari, kwa maelezo yake, lilikuwa la matumizi ya nyumbani tu.

Alipoona kopo bado linampiga chenga, alikata shauri. Akachomelea sanduku la chuma, akalifunga kwa misumari ukutani, akalitilia kitasa alichokiunda kwa mikono yake. Kilikuwa kitasa cha ajabu. Kila kilipofunguliwa kililia "kach!" kiasi cha kusikika hadi uani, makusudi, ili mwizi ajulikane. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao aliuning'iniza kwenye mkanda wa suruali.

"Sasa tuone," alisema akimtazama mkewe, "ni panya gani mwenye meno ya chuma."

Mke aliinamia cherehani yake. Sindano ilimchoma kidole, akakinyonya, akaendelea kushona. Neno lile lilimuuma kuliko sindano, maana nusu ya fedha zile zilitoka kwenye mishono yake. Kesho yake asubuhi alikuwa uani akifua aliposikia "kach!". Aliingia jikoni, akachukua punje moja ya haragwe, akaitia kwenye chupa tupu ya jemu. Asubuhi iliyofuata akatia nyingine.

Siku moja wakiwa mezani Fundi aliuma jiwe kwenye wali. Akatema, akasukuma sahani.

"Mwanamke gani huyu! Hata mchele unakushinda kuchambua?"

"Ni mimi niliyechambua, mwanangu," mama alisema taratibu. "Mkeo ana sare nyingi za kumaliza. Nikasema nimsaidie. Nilidhani nimeyatoa yote."

Fundi aliinua vidole viwili mbele ya uso wa mama yake. Mama aliendelea kutazama ukutani, akitabasamu kwa aibu.

Fundi aliruka, akafungua sanduku. Kach! Alitaka ampeleke hospitali saa ile ile. Lakini ndani mlikuwa na noti chache na sarafu zilizofunika chini tu. Alimgeukia mkewe, macho yamemtoka.

"Umechonga ufunguo wapi?"

"Nini?"

"Nakuuliza, nani amekuchongea ufunguo? Unamwibia mgonjwa! Unaiba macho ya mama yangu!"

Majirani walikwishajaa mlangoni. Mke hakupiga kelele. Aliwapita, akaenda jikoni, akarudi na chupa ya jemu iliyojaa maharagwe hadi shingoni. Akaiweka mezani.

"Hiki kitasa chako kina kelele, Fundi. Kila kilipolia asubuhi nilitia punje moja. Jioni ulipokuwa unaweka hela sikutia kitu. Haya, hesabu mwenyewe umefungua mara ngapi."

Fundi aliitazama chupa. "Nilikuwa naazima," alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno, na mama, aliyekuwa amekwisha kuingia chumbani kutafuta khanga yake ya kutokea, hakuisikia.

Mashine ya kuchonga funguo iliuzwa siku ile ile kwa bei ya kutupa. Kesho yake walikuwa mbele ya daktari, noti zimejaa mfukoni. Daktari alimulika jicho, akazima kurunzi yake, akakaa.

"Rudini na fedha zenu," alisema. "Hakuna tena cha kulinda."

Njiani mke alimshika mama mkono wa kulia, Fundi akafuata nyuma na miwani ya mama ambayo haikuwa na kazi tena. Walikuwa hawajafika mbali mama alipouliza, "Mwanangu, jana nilisikia mnagombana. Huyo mwizi wa hela zetu mmempata?"

"Tumempata, mama."

"Mtu wa mbali?"

Fundi aliitia miwani mfukoni. "Hapana. Wa mumo humo ndani."

Mama alisimama. Nyumba ilikuwa na watu watatu, na hesabu yake haikuhitaji macho. Taratibu aliuchomoa mkono wake kutoka kwenye mkono wa mkwe wake, akaupapasa hewani kumtafuta mwanawe.

Mke alimtazama mumewe. "Mwambie," alisema.

Lilikuwa neno moja tu. Lingemgharimu aibu ya siku chache, na akina mama wote duniani huwasamehe wana wao. Fundi akaupokea mkono wa mama yake.

"Twende, mama. Jua linazidi kuwa kali."

Mke aliwasindikiza kwa macho hadi walipopinda kona, halafu akashika njia ya kwa wazazi wake. Cherehani yake aliifuata baadaye akiwa na kaka zake wawili. Mama alipoisikia ikiburutwa mlangoni, alisema, "Afadhali," na Fundi akajitia anatafuta tupa chini ya kitanda.

Sasa nyumba ile ina watu wawili. Daftari halimo, vitunguu vitatu havimo, na hakuna mwanamke wa kukaguliwa. Fundi humlisha mama yake, humwongoza msalani, na mama humsifu kwa wageni kuwa hakuna mwana kama huyu. Kila jioni Fundi hutia chochote kwenye sanduku, akisema ni kwa ajili ya kununua mashine nyingine. Kila mwisho wa mwezi hulifungua akalikuta tupu, akageuka nyuma kutafuta wa kumuuliza, asione mtu. Siku moja, mbele ya sanduku lile, aliitamka mwenyewe methali ile kwa sauti, na safari hii hapakuwa na mwingine wa kumtolea macho: kweli, kikulacho ki nguoni mwako.