Kihisi Ndani ya Kibwebwe

Kaeni vizuri niwatwishe kesi iliyonishinda. Labda nyinyi mna akili kuliko mimi.

Bi Zahara wa milimani Lushoto ana wajukuu watatu. Hoza ni fundi simu; mpe simu iliyokufa, hakosi cha kuokoa. Sauda ni fundi cherehani. Mbelwa hutengeneza programu za simu, na ana subira ya kupitiliza. Wote wanampenda bibi yao hadi wanatia wivu.

Bibi alianza kuangukaanguka, na shamba lake la tangawizi liko mteremkoni. Kukaa nyumbani hataki hata kusikia. Hoza akachomoa vipuri kwenye simu mbovu, akaunda kihisi mwendo kidogo kama kifungo cha koti, cha bei ambayo mkulima yeyote angeimudu. Bibi akianguka, simu yake inawapigia wajukuu.

Asubuhi bibi alikivaa shingoni, mchana akakivua. Yeye si mbuzi wa kuvishwa kengele, alisema. Sauda hakubishana naye. Alikishonea ndani ya kibwebwe anachojifunga kutwa, akaweka na mfuko wa simu, na bibi akakisahau kabisa.

Kumbe kazi bado. Kila bibi akisujudu, simu zinalia. Wajukuu wanapanda mlima wakihema, wanamkuta mkekani anawaombea dua. Mwishowe wakawa wanaziacha zilie. Mbelwa ndiye aliyehamia kwa bibi kwa majuma machache, akisali nyuma yake huku kihisi kikirekodi, mpaka akagundua kuwa anayesujudu hushuka kwa mpangilio, anayeanguka hushuka ovyo. Akaifundisha simu kutofautisha.

Siku moja ya mvua simu zikalia, na haikuwa saa ya swala. Walimkuta mferejini, mguu umevunjika, maji yanamfika kidevuni. Wangechelewa kidogo, leo ningewasimulia msiba.

Daktari akasema asiishi tena peke yake. Bibi akatangaza kuwa atahamia kwa aliyemwokoa, na hapo ndipo undugu ulipotikisika.

"Bila kifaa changu, simu ingelizwa na nini?" akauliza Hoza.

"Bila kibwebwe changu, kifaa chako kingekuwa kabatini," akajibu Sauda.

"Na bila mimi," akasema Mbelwa, "nani kati yenu angepokea?"

Bibi akawatazama, machozi yakamtoka. "Wajukuu zangu, nyote mmeniokoa. Ila mimi ni mmoja, na nguo zangu zimeshafungashwa."

Gari linanguruma mlangoni, dereva anauliza njia. Je, wewe ungemwelekeza kwa nani?