Kwa Nini Wasusi Husema Hatua kwa Sauti

Hapo kale, msusi wa mikeka alisuka kinywa kimefungwa. Hatua zake zilikuwa siri yake, na nakshi yake mali yake. Aliyeiga nakshi ya mwenziwe, mkeka wake ulifumuliwa mbele ya watu.

Kidawa wa Mtegani alikuwa akimsukia bintiye mkeka wa arusi. Miezi mitatu anasuka, anafumua, hata siku moja katikati ya ukili, utepe unaoshonwa kuwa mkeka, likatokea jicho, jeusi ndani ya wekundu. Akaliita Jicho la Kwale. Zilipobaki siku mbili arusi ifike, akaja Mize, msusi wa ng'ambo ya kisiwa, na mkeka wake kichwani. Akaukunjua kando ya ule wa Kidawa. Jicho lilelile!

"Shoga, umeniibia," Mize akasema.

"Nikuibie wapi, na kwenu sijakanyaga?"

Bi Nyamvua, mkuu wa wasusi, akaamua kila mmoja ataje hatua zake. Kidawa akisema, siri imekwenda. Akinyamaza, mkeka utafumuliwa na binti atakalishwa sakafuni kama hana mama. Akasema: ruka mbili, pita moja, geuza kushoto. Mize akataja zake: yeye alianzia kulia, akaruka tatu, hageuzi mpaka mwisho. Njia mbali kabisa. Bi Nyamvua akazisuka zote mbili, na kila mara jicho likamtazama.

"Basi halikuibwa," akasema. "Lilikuwamo kwenye majani ya miyaa tangu hayajakatwa. Nyie mmelikuta tu."

Watu wakashusha pumzi. Kidawa hakushusha. "Nimelikuta? Kama lilikuwamo, bibi wee, mbona halikutoka lenyewe? Miezi mitatu nilikuwa nacheza?"

"Na kama umelitunga wewe," Mize akamwambia, sauti imepoa, "mimi nimelitoa wapi?"

Mkeka ulisalimika, binti akakalishwa juu yake. Lakini Kidawa arusini hakukaa kitako: mara ainuke, mara aupapase mkeka kwa kidole, akitafuta pale jicho lilipoanzia.

Na tangu siku hiyo wasusi husema hatua zao kwa sauti, mwenye kuchukua achukue. Swali la kutunga au kukuta halijapoa, hata hawa wanaoandika programu za kompyuta, nazo ni hatua tu, huulizana lilo hilo. Nakshi ikitokea, msusi hasemi nimeitunga, wala hasemi nimeikuta. Husema, "Imetoka!" Kisha huifumua na kuisuka upya, aone kama itarudi.