Bi Kindi na Wimbo wa Kiboko

Hapo zamani za kale, na kale yenyewe si ya mbali sana, maana wanyama walikuwa wameshapata simu, palikuwa na mjane mmoja akiitwa Bi Kindi. Msiniulize simu zile walizichajia wapi. Nikianza kueleza hayo, hadithi haitaisha leo.

Bi Kindi alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa mdomo. Alikuwa na watoto wanne, na watoto wa kindi, nawaambieni, wanakula. Kwa hiyo msimu wote wa mavuno alikusanya njugu moja moja, akazipeleka ghalani mpaka kapu lake likajaa pomoni. Njugu zile ndizo za kuwavusha watoto kiangazi. Zikiisha kabla ya mvua, watalala njaa, na kiangazi hakuna jirani mwenye cha kukopesha.

Ghala lilikuwa la kijiji kizima, na mlinzi wake alikuwa Mzee Nungunungu. Kila mnyama alikuwa na kapu lake. Ukitaka kumlipa mwenzio unabonyeza simu, Mzee Nungunungu anapata ujumbe, anachota kwenye kapu lako anatia kwenye la mwenzio. Kazi yake ilikuwa kuchota, si kuuliza maswali.

Basi siku moja Bi Kindi yuko jikoni anamenya njugu, simu ikalia. Pii-pii.

Akasoma: "Shikamoo, Mama. Bonyeza moja kuitikia."

Sasa ninyi mnajua adabu za kwetu. Mtu amekuamkia, utamkaushia? Hata kama mna ugomvi, salamu unaitikia kwanza, mengine baadaye. Bi Kindi akabonyeza moja, akasema, "Marahaba, mwanangu," ingawa mwanangu mwenyewe hakumjua, akaendelea kumenya.

Kesho yake alfajiri, hata jogoo hajafungua mdomo, simu ikanguruma:

"Hoo, hoo, hooo! Mimi Kiboko, bwawa langu, hooo!"

Watoto wote wanne wakaruka kutoka kitandani. Ulikuwa wimbo wa Kiboko, tajiri wa bwawa, kaimba mwenyewe kwa sauti yake ile ya gunia linaloburuzwa juu ya mawe. Bi Kindi akadhani mtu kakosea namba. Akaizima simu, akarudi kulala. Kesho yake wimbo ukaja tena, na keshokutwa, na mtondo.

Wiki ya pili alipokwenda ghalani kuchukua njugu za kupikia, alichungulia kapu lake, akachungulia tena. Kapu lilikuwa nusu.

"Mzee, shikamoo. Nani kaingia kwenye kapu langu?"

"Marahaba. Hakuna aliyeingia, nachota mimi," alisema Mzee Nungunungu. "Njugu ishirini kila alfajiri, zinakwenda kwa Kiboko. Umejiunga na Wimbo wa Alfajiri."

"Mimi? Lini?"

Mzee Nungunungu akavaa miwani, akafunua daftari. "Jumanne ile. Kakuamkia, ukaitikia."

"Nimeitikia salamu, baba. Wimbo sikuuomba."

"Chini ya salamu kulikuwa na maandishi madogo madogo. Yanasema kuitikia ni kujiunga. Na sheria ya ghala ni moja, Bi Kindi. Aliyebonyeza amekubali."

Bi Kindi alipandwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, kwa sababu alishapiga hesabu: kwa mwendo ule, kapu lingekuwa tupu kabla ya wiki mbili nyingine.

"Nieleweshe tu, Mzee. Sheria hiyo ni ya sisi wadogo, au hata wakubwa?"

"Sheria haiangalii kilo," akajibu Mzee Nungunungu, akafunga daftari.

Bi Kindi akapiga simu bwawani. Akapokea Chura, karani wa Kiboko.

"Karibu huduma kwa wateja. Kusikia wimbo tena, bonyeza moja. Kusubiri mhudumu, bonyeza mbili."

Akabonyeza mbili.

"Hongera," akasema Chura. "Umejiunga na Wimbo wa Jioni. Njugu ishirini."

Bi Kindi akaitazama ile simu kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaenda bwawani kwa miguu.

Njia nzima alikutana na wenziwe wanarudi. Swala anafuta machozi. Tumbili anatukana peke yake. Sungura, na ujanja wake wote unaosifiwa, alikuwa amejiunga na nyimbo tatu. Kufika ukingoni, Kiboko amejilaza ndani ya maji, macho tu na masikio ndiyo yako nje.

"Shikamoo, Bwana Kiboko," akasema Bi Kindi. Mazoea tu.

Loo! Kiboko akainua kichwa chote, maji yakamwagika huku na huku, masikio yakazunguka kwa furaha. "Marahaba. Marahaba, mama, marahaba." Mara tatu, kwa shikamoo moja. Tangu aanze kula njugu za watu, walikuwa hawamwamkii tena. Wapita njia waliona afadhali wazunguke kichakani.

Bi Kindi akaliona hilo, akaliweka moyoni.

"Nimekuja kujitoa kwenye wimbo," akasema.

"Hakuna shida kabisa. Ofisi ya kujitoa iko wazi siku zote. Ni hapa hapa bwawani, chini kabisa, mlango wa kushoto. Uje mwenyewe, hatupokei barua."

Bi Kindi akatia ukucha mmoja majini, akautoa haraka.

"Siwezi kuogelea, Bwana."

"Pole," akasema Kiboko, akazama polepole. Viputo vikapanda juu, blu, blu, blu, na mtu anayecheka majini mnajua viputo vyake vilivyo.

Bi Kindi akarudi nyumbani akikanyaga kwa vishindo, vishindo vya kindi lakini. Usiku ule hakuwaambia watoto kitu. Asubuhi akapanda tawi linaloning'inia juu ya bwawa, akajificha kwenye majani, akatuma ujumbe. Chini huko simu ya Kiboko ikalia. Pii-pii.

Chura akaisoma kwa sauti: "Shikamoo, Bwana Mkubwa wa maji yote. Bonyeza moja kuitikia." Akakunja uso. "Bwana, kuna maandishi chini hapa, madogo. Tuyasome kwanza?"

"Ya nini? Tangu lini salamu ikakaguliwa?" Kiboko alikuwa ameshapanua tabasamu. "Mtu kaniamkia kwa heshima zangu zote, wewe unaniletea mambo ya maandishi. Lete hapa."

Akabonyeza kwa ncha ya pua, maana kidole chake kingeifunika simu nzima. Juu ya tawi, Bi Kindi akajiziba mdomo kwa mkia asicheke.

Kesho yake asubuhi Kiboko akapata ujumbe: "Taarifa ya Asubuhi: jua limechomoza. Ahsante kwa kuwa nasi." Huko ghalani Mzee Nungunungu akachota tikitimaji moja kutoka kapu la Kiboko, akalitia kwenye la Bi Kindi. Siku ya pili: "Taarifa ya Asubuhi: bwawa bado lina maji." Tikiti la pili. Siku ya tatu: "Taarifa ya Asubuhi: wewe bado ni kiboko."

Na matikiti, niseme wazi, ndiyo Kiboko aliyokuwa akiyapenda kuliko ndugu zake.

Siku ya nane alikwenda ghalani, akarudi anatoa moshi. Mzee Nungunungu alikuwa amemjibu maneno yale yale, kwa miwani ile ile. Akapiga simu.

"Karibu huduma kwa wateja," akasema Bi Kindi kwa sauti ya puani. "Kutaka kujua kama jua limechomoza, bonyeza moja. Kusubiri mhudumu, bonyeza mbili."

Kiboko akabonyeza mbili.

"Hongera. Umejiunga na Taarifa ya Jioni: jua limezama. Tikiti moja."

"Nataka kutoka!" Kiboko akanguruma mpaka ndege wakahama miti.

"Hakuna shida kabisa, Bwana. Ofisi ya kujitoa ni juu ya msufi, kileleni, tawi jembamba la mwisho. Uje mwenyewe, hatupokei barua."

Habari hizo hazikuchelewa. Kiboko anafika kwenye msufi, kijiji kizima kimeshakaa, wengine wamekuja na vigoda. Shina la msufi lina miiba, mnajua. Akalikumbatia. Akajivuta hatua moja, krrr, gome likabanduka, puu, akakaa kwenye matope. Akapanda tena. Puu. Mara ya tatu hata hakupanda, aliuegemea tu, mti mzima ukayumba.

"Mteja mwingine," akaita Bi Kindi kutoka kileleni.

"Bi Kindi, mama yangu, shuka tuongee."

"Ofisi haishuki, Bwana."

Kiboko akatazama huku na huku. Swala hakuwa analia tena. Tumbili alikuwa anamcheka bila kujificha.

"Unataka nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Njugu za watu zirudi, kila moja kwenye kapu lake. Na ofisi yako itoke majini, ikae ukingoni, pakavu, mahali hata Panya anafika."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa basi, hakuna aliyekushika mkono. Taarifa ya kesho nimeshaiandika."

"Inasema nini?"

"Kujua ni tikiti moja," akasema Bi Kindi.

Kiboko akafumba macho, akakumbuka kapu lake, akakubali. Mchana ule ule Chura akabeba meza ya ofisi kichwani mpaka ukingoni, huku maji yakimtiririka machoni. Mzee Nungunungu akachota mpaka jioni kurudisha njugu za watu, akilalamika mgongo. Hapo ndipo Bi Kindi aliposhuka kwenye msufi, akamfutia Kiboko jina kwenye orodha ya taarifa mbele ya watu wote, kisha akaenda kuwapikia wanawe, na kiangazi kile hawakulala njaa hata siku moja.

Nanyi mlioketi hapa mshike hili: anayewaficha wenzake mlango wa kutokea, siku yake ikifika atautafuta mlango huo yeye mwenyewe.