Mshumaa wa Bwana Pemberton

Katika kijiji kimoja cha Ayalandi aliishi mjane aitwaye Sorcha, mwenye maneno matamu na bata bukini mmoja mnene. Bwana Pemberton, tajiri aliyetoka London juzijuzi na kununua ardhi yote ya kijiji, alimtamani bata yule.

"Mkesha wa Krismasi uniletee akiwa ameshaokwa," alimwamuru, "la sivyo utahama kwenye ardhi yangu."

"Nitamleta, Bwana mkubwa. Tena na zawadi juu yake."

Jioni ya mkesha Sorcha alifika na bata kwenye sinia, pamoja na mshumaa mnene kama mkono wa mhunzi.

"Huu wa nini?"

"Huku kwetu kila nyumba huweka mshumaa dirishani usiku huu. Nimeona aibu kibanda changu king'ae, na jumba lako likae giza."

"Haiwezekani!" Pemberton aliuwasha mwenyewe, akauweka kwenye dirisha la juu kabisa, ukaonekana hadi ng'ambo ya bonde.

Alikuwa bado ananoa kisu mlango ulipofunguliwa. Wakaingia wachunga kondoo, wafumaji, watoto wao na mpiga fidla. Kijiji kizima kikavuta viti.

"Nani amewaalika?" alifoka.

"Wewe, Bwana," alisema Sorcha. "Mshumaa dirishani maana yake mlango uko wazi, na kila apitaye ana chakula mezani. Sisi wengine tumezima yetu, tusije tukashindania heshima nawe."

Pemberton alitazama huku na huku. Hata kiti chake kilikuwa kimekaliwa.

"Kata tu, Bwana," Sorcha alimhimiza. "Mimi nipe paja."