Gauni la Mkunga

Wanaosema kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake hawamkatazi ndege yeyote kuruka. Wanamkumbusha tu kwamba ubawa wa jirani, hata uwe na manyoya ya kupendeza namna gani, hautambeba hewani. Fundi mmoja wa nguo za kike alilisikia neno hilo tangu utotoni, lakini kusikia ni kimoja na kuzingatia ni kingine.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne. Wateja walimwita Fundi Pindo, maana aliweza kufumua pindo mara tatu kwa kosa ambalo hakuna aliyeliona ila yeye. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, cherehani mbili na meza ya kukatia iliyojaa alama za chaki. Kila mchana, akinywa chai, alitazama kwenye simu maonyesho ya mitindo ya miji mikubwa: wasichana warefu kama mianzi wakipita jukwaani bila kutabasamu, wamevaa nguo zilizomfanya asahau kikombe mkononi. Kisha aliinua macho akakutana na kazi ya siku, kupanua viuno vya sketi na kufupisha mikono ya blauzi. Alitamani kabla hajazeeka ashone japo nguo moja ya namna ile.

Nafasi ililetwa na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Huyu alikuwa mkunga wa miaka hamsini na mmoja, mkuu wa wodi ya wazazi katika hospitali ndogo, mwanamke mnene kiasi na mcheshi. Alikuwa ameshinda ndani ya sare kwa miaka ishirini na sita, hata akawa anasema kwa utani kwamba siku akifa azikwe nayo, asije akakosa kutambulika huko aendako. Sasa bodi ya hospitali ilitaka kuifunga wodi yake na kuwapeleka akina mama hospitali nyingine, mwendo wa saa nzima kwa gari. Wakunga wenzake walimchagua akawasemee katika mkutano wa bodi, naye hakutaka kwenda na sare.

"Wifi, nivishe," alisema. "Nataka wakiniona wajue nimekuja kwa jambo la maana. Lakini usinifanye kituko."

Fundi Pindo akamwonyesha simu. Lilikuwa gauni jeupe lenye mabega mapana yaliyosimama kama mapaa, kiuno kilichobanwa, sketi iliyoshika mapaja hadi chini ya magoti, na mkia wa kitambaa uliofagia sakafu nyuma yake. Mkunga alilitazama kwa muda mrefu, akauliza kama mtu wa umri wake analiweza. Fundi akamjibu kwamba uzuri hauna umri, na kwamba angelishona vilevile lilivyo, bila kupunguza hata inchi moja.

Kweli akalishona vilevile. Siku ya kujaribu, mkunga alisimama mbele ya kioo, akavuta pumzi na kusema lilikuwa linambana kwapani.

"Vumilia kidogo," fundi alimwambia, akimzunguka huku pini ziko mdomoni. "Mvumilivu hula mbivu."

Mkunga akageuka, apigwe pini na mgongoni. Aliona si adabu kumfundisha fundi kazi yake.

Yaliyotokea mkutanoni fundi aliyasikia kwa watu. Jukwaa lilikuwa na ngazi nne, na sketi haikuliruhusu goti kupanda hata ya kwanza. Mkunga alijaribu kwenda upande, akaukanyaga mkia, mlinzi akamdaka mkono asianguke. Ikambidi azungumzie chini, mbali na kipaza sauti. Alipoinua mkono kuonyesha chati ya watoto waliozaliwa wodini, bega la gauni lilipanda hadi sikioni, akaushusha. Mtu mmoja akacheka. Mwanamke ambaye hakuwahi kutetemeka mbele ya kichanga kilichokawia kulia, siku hiyo alisahau nusu ya maneno yake. Bodi ikasema itamsikiliza tena baada ya wiki mbili, kwa mara ya mwisho.

Mkunga hakuja kulalamika. Gauni lilirudi kwa mkono wa jirani, limefuliwa, limepigwa pasi na kukunjwa, pamoja na salamu za kumshukuru wifi kwa taabu yake. Angetukanwa, fundi angejua la kujibu. Shukrani ile ilimuuma kuliko tusi.

Kesho yake alikwenda hospitalini kuomba radhi. Aliambiwa asubiri kwenye benchi, na kutoka hapo, kupitia mlango wa kioo, akamwona wifi yake kazini. Alimwona akiinama kutandika shuka, akijinyoosha kufikia rafu ya juu, akichuchumaa kumvisha mama mmoja ndara, akipiga hatua ndefu alipoitwa chumba cha pili. Hakusimama hata mara moja wima, mikono imelala ubavuni, kama alivyosimama siku ya kupimwa. Fundi aliona haya peke yake pale benchini. Miaka ishirini alikuwa akiwapima wanawake waliosimama kama nguzo, kisha akishangaa nguo zikirudishwa.

Mkunga alipotoka, akaketi kando yake.

"Nisamehe, wifi," fundi alisema. "Nilisema nakushonea wewe, kumbe najishonea mimi."

"Na mimi nilijua linabana, nikaona haya kusema. Tumeponzana." Mkunga akacheka kidogo, akajifuta uso. "Ila safari hii naenda na sare yangu."

"Ukitaka sare, vaa sare. Lakini kwanza niruhusu nikupime upya."

Akampima akiwa ameketi, kisha ameinua mikono, kisha ameweka mguu mmoja juu ya kigoda. Aliporudi chumbani kwake aliitazama tena ile picha, akajiuliza ni kipi hasa kilichompendeza. Si mkia, wala si kule kubanwa. Ilikuwa kola iliyosimama na kuubeba uso, na mstari wa bega ulionyooka, uliompa mvaaji heshima. Hivyo viwili akavichukua. Vingine akaviacha hukohuko vilikotoka. Kitambaa cheupe akakibadili kwa cha zambarau iliyokolea, kisichochafuka upesi. Bega akalikomesha pale mfupa wa mkunga ulipoishia. Chini ya kwapa akatia kipande cha pembe nne, ili mkono upande bila kulivuta gauni. Sketi akaiachia kuanzia nyongani kwa mikunjo miwili mirefu, iliyofunguka mtu akitembea na kulala akisimama. Akaweka na mifuko.

Mkunga alipolivaa, alichuchumaa, akainuka, akazungusha mikono kama anayefua. Hakusema neno juu ya sare tena.

Mara ya pili fundi alikwenda mwenyewe, akaketi safu ya nyuma. Mkunga alizipanda ngazi kama za nyumbani kwake. Aliwaeleza habari za mwanamke aliyefika wodini akiwa amebakiza dakika kumi ajifungue, akawauliza wajumbe mwanamke huyo angejifungulia wapi kama safari yake ingekuwa ya saa nzima. Akainua mkono hadi juu ya chati, na macho yote yakafuata kidole chake. Hakuna aliyecheka.

Bodi ilitoka ikashauriana, ikarudi na kusema kwamba wodi haitafungwa mwaka huo, na kwamba mkunga ataingia katika kamati itakayoijadili baadaye. Haukuwa ushindi mzima, lakini ulitosha watoto kuendelea kuzaliwa pale.

Juma lililofuata wanawake watatu wa rika la mkunga walifika kwa fundi, mmoja wao mwalimu, wote wakitaka gauni kama lile, vilevile, bila kubadilisha kitu.

"Lile ni la mkunga," Fundi Pindo alimwambia mwalimu. "Wewe niambie kwanza, kutwa nzima unafanya nini?"

Mwalimu akainua mkono kana kwamba anaandika ubaoni, akaeleza jinsi anavyoinama kwenye madawati ya wanafunzi, na fundi akaanza kupima kutoka hapo, kwani sasa alikuwa amekwisha kukubali kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake.