Jumapili Baridi Ilipokatika

Wahenga waliotuonya kuhusu anayeficha maradhi hawakuwahi kukanyaga maabara yetu ya pwani ya Ibaraki, Japani, lakini Isozaki Haruna walimjua barabara.

Haruna alikuwa mtafiti kijana, na mkataba wake ulikuwa unaisha Machi. Kazi yake ilikuwa kupiga vipande vya waya kwa mionzi, ili ijulikane koili ya sumaku mpya, iliyosukwa kwa waya huo, ingevumilia muda gani. Waya huo hufanya kazi kwenye baridi kali tu, na sharti la kipimo ni moja: baridi isikatike. Alumini iliyomo ndani ya waya, ikishajeruhiwa na mionzi kisha ikapata joto, hujiponya, na jeraha halionekani tena.

Jumapili ya mwisho ya zamu yake ya kutumia mionzi, akiwa kantini anakula tambi, mashine ya kupoza ilizimika. Aliporudi alikuta waya umeshapata joto la chumba. Zamu nyingine ingekuja mwaka ujao, na Machi ilikuwa inabisha hodi! Akaiwasha mashine, akangoja baridi irudi, akapima. Waya ulikuwa mzima kana kwamba umetoka kiwandani jana. Akaandika daftarini, “Baridi haikukatika,” akagonga muhuri wake mwekundu chini yake.

Tangu hapo hakutulia. Mguu ulimtikisika chini ya meza, chai ikampolea mkononi, na kila simu ilipolia alishtuka.

“We Isozaki, umekalia siafu?” alimtania Onuki, mama wa makamo aliyekuwa fundi wa mashine za kupoza.

“Usingizi tu, dada.”

“Usingizi gani wa kutikisa meza? Kama kuna kitu, sema. Mashine zangu nazijua, zina vituko.”

“Hamna kitu, dada.”

Mkuu wa kazi, Tsukuda, alifurahia kipimo kile. Aliamua sumaku ifanye kazi mwaka mzima bila kusimamishwa ipate joto na kujiponya. Haruna aliongezewa mkataba. Alishukuru kwa kuinama sana.

Miezi mitatu baada ya kuwashwa, sumaku ilishindwa. Majeraha yalikuwa yamejaa ndani yake. Gesi ya kupozea ilitoka paani kwa ngurumo, watu wakakimbilia nje, na koili iliyosukwa kwa miaka minne ikaungua. Tsukuda aliagiza kila kumbukumbu iletwe. Onuki akaleta karatasi ya kipimajoto cha mashine yake. Mstari ulikuwa umelala chini wiki zote, isipokuwa Jumapili moja, ulipopanda kama mlima.

Tsukuda aliiweka kando ya daftari lenye muhuri mwekundu. “Isozaki, hii ni nini?”

Haruna aliinama hadi paji la uso likagusa meza. “Baridi ilikatika, Mkuu. Niliogopa Machi.”

Onuki alishika kichwa. “Si ungeniambia, mdogo wangu! Kila zamu naficha siku mbili za akiba, mashine ikileta vituko. Siwaambii kwa sababu mtazila bure. Zile mbili zilikuwa zako, ungepima upya! Nilizimaliza kwa kufagia karakana.”

Haruna alilia kwa sauti, bila kujali nani anamwona. Mguu wake, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, ulikuwa umetulia.

Mkataba mpya haukuifikia Machi ya pili. Naam, mficha maradhi kifo humuumbua.