Chungu cha Shura Kilichomshinda Jini

Palikuwa na mji uitwao Nurabadi, na mtawala wake Sultani Shahabu bin Ghalibu, mwenye majumba arobaini na woga usio na kifani, na mji huo ulikuwa na balaa: kila jua lilipotua, jini Dahmashi alishuka mlimani akapuliza, na kila mwali wa moto ukazimika, wa taa na wa jikoni na wa tanuri, na fisi wakaingia hadi vibarazani. Sultani akafanya naye mkataba, kwamba kila mwaka atapewa mwanamwali mmoja kwa kura, naye atauachia mji taa zake. Na jini akaapa kwa pete ya Nabii Suleimani kwamba mji ukipata mwanga wake wenyewe usiku mmoja mzima, bila hisani yake, atawarudisha wote na hataonekana tena. Miaka saba wakatolewa wasichana saba, na wakubwa wakaiita hiyo busara. Mimi siiti hivyo, na anayeiita hivyo asikae karibu nami.

Mwaka wa nane kura ikamwangukia Zamzamu, mtoto wa pekee wa Mwanatumu, mjane aliyekwangua shura, ile chumvi nyeupe ya mawe, kwenye kuta za mapango, akaiyeyusha chunguni na kuwauzia wakausha nyama. Mwanatumu akaenda moja kwa moja barazani.

"Maulana," akasema, "mwanangu simtoi."

"Huo ni uasi, mama," akasema waziri.

"Ndiyo, ni uasi, andika hivyo hivyo. Lakini jini huyu huzima mwali, na joto lisilo na mwali hana ubavu nalo. Marehemu mume wangu alitia mkono katika chungu cha shura jioni, chungu kilichoepuliwa tangu asubuhi, akidhani kimepoa, na mkono ule haukupona. Sisi watu wa shura twajua: ikiyeyuka na kufunikwa vizuri, hushika joto kutwa kucha. Nipeni siku kumi."

"Na jini akighadhibika?" akauliza Sultani.

"Na aghadhibike. Mimi nimeghadhibika kabla yake."

Sultani akampa siku kumi, wala si kwa huruma, ila jini mwenyewe alikuwa haji kabla ya hapo. Mwanatumu akapita mlango kwa mlango, na wanawake wakatoa masinia yao ya shaba, hata ya arusi, wakayasugua kwa majivu na ndimu na kuyapanga mlimani, na jua la masinia yote likaangukia chungu kimoja kikubwa hadi shura ikayeyuka ikawa kama maji. Na Farjala mfua shaba, ambaye kwa Zamzamu alikuwa hajiwezi, akapitisha mabomba ya maji ndani ya shura ile, na maji yakatoka mvuke, na mvuke ukazungusha gurudumu, na gurudumu likazungusha sumaku ndani ya nyaya za shaba, na umeme ukazaliwa ukakimbia hadi kwenye tufe za kioo zilizotundikwa mji mzima. Mwasema haiwezekani? Waziri naye alisema hivyo.

Siku ya kumi jua likatua, na Dahmashi akaja, akanyimwa msichana, akapuliza, na miali yote ikafa, na tufe zikabaki zinawaka.

"Mwanamke, moto wako uko wapi niuzime?"

"Sina moto. Nina jua la mchana, nimeliweka. Puliza."

Akapuliza hadi mishipa ya shingo ikamsimama, na gurudumu likazunguka tu, na Mwanatumu akakaa mbele yake amemshika mwanawe mkono hadi kukapambazuka. Ndipo jini akawarudisha wasichana saba akaondoka, na mama zao wakalia kwa sauti.

Sultani akashuka kwa majoho yake, akamposa Mwanatumu mbele ya watu wote.

"Maulana, nakuuliza moja," akasema Mwanatumu. "Binti yako ana miaka kumi na minane. Katika kura nane hizi, jina lake liliwahi kutiwa?"

Sultani akatazama viatu vyake.

"Basi siolewi."

Zamzamu akaolewa na Farjala, arusi ya siku saba, na Mwanatumu akapokea dhahabu ya hazina bila kushukuru, kwani ilikuwa haki yake. Na akataka sheria moja iandikwe, ikaandikwa: kura yoyote ya kutoa mtoto wa mtu, jina la kwanza kutiwa liwe la nyumba ya Sultani. Tangu siku hiyo hadi leo, Nurabadi haijapigwa kura ya namna hiyo hata moja.